Stesheni za Mzee Gadi

Mzee Gadi alikuwa hapendi watoto, na hilo alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka uani. Watoto wa mtaa wakija barazani na mpira wao, alikuwa anatoka na filimbi yake ya kazini, anaipuliza mara moja tu, wale wanatawanyika. "Hapa ni njia," anasema. "Njia haichezewi." Kisha anarudi chumbani kunywa chai. Chumba changu kilitazamana na chake, kwa hiyo nilikuwa namwona: hazijapita dakika kumi, ananyanyua pazia kuchungulia kama wamerudi. Wakichelewa, anawaulizia. "Leo wale wahuni wameenda wapi?"

Ukimsikiliza tu, unamkimbia. Ilibidi umtazame pia.

Tulipanga nyumba moja, nyumba ya Kiswahili ya zamani, upande wa Kariakoo unaopakana na Gerezani: vyumba sita, korido katikati, uani jiko na choo na kamba za nguo. Mama mwenye nyumba, Mzaramo mwenye ulimi kama wembe, alikaa chumba cha mbele. Mimi na mume wangu, Wachaga wa Marangu tulioanza maisha bila hata kitanda, tulikuwa na duka la jumla la vyombo vya plastiki mitaa miwili kutoka pale. Mabeseni yaliyozidi dukani yalilala koridoni, na hapo ndipo ugomvi wangu na Mzee Gadi ulipoanzia.

Jina lake halisi lilikuwepo, wala halikuwa siri, ila hakuna aliyelitumia. Mpaka anastaafu alikuwa gadi wa treni ya reli ya kati, yule mtu anayekaa behewa la mwisho kabisa na bendera zake mbili, ya kijani na nyekundu, ambaye asipopuliza filimbi dereva haondoki. Kwake yeye ile korido ilikuwa reli. "Mama," ananiambia, saa yake ya mkononi ameshaitazama, "beseni lako limesimama njia kuu." Nalitoa. Kesho lipo. Anasema tena, neno kwa neno, bila kupandisha sauti. Jamani, mtu asiyepandisha sauti anachosha! Siku moja nikamjibu, "Kwani mzee, kuna treni inapita hapa?" Akanitazama kwa huruma kabisa. "Inapokuja haikuulizi," akasema.

Alikuwa na msemo mmoja aliotembea nao kila mahali: treni hairuki stesheni. Mume wangu akitaka kula kabla ya kunawa, treni hairuki stesheni. Mama mwenye nyumba akitaka kumwoza mpwa wake haraka haraka, barua ya posa haijajibiwa, treni hairuki stesheni. Ilipoanza treni ya umeme mtaa mzima ulienda kuishangaa, yeye akagoma. "Inaruka stesheni ile," alisema, kama mtu anayemsema jirani mwizi. Lakini muulize inaondoka saa ngapi, inafika Morogoro saa ngapi, juzi imechelewa dakika ngapi: anajua zote. Na timu yake ya Jangwani ikifungwa, alikuwa haongei na mtu siku mbili, ilhali maisha yake yote hakuwahi kukanyaga uwanjani. "Nikienda nitaona makosa yao," alijitetea.

Halafu alikuwa muongo. Nalisema kwa upendo. Kulikuwa na hadithi ya simba waliolala relini huko mbele ya Itigi, treni ikasimama, yeye akashuka na taa kwenda kuwafukuza. Mara ya kwanza aliponisimulia, simba walikuwa wawili. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia walikuwa sita, mmoja ana mimba. Tulikuwa tunacheka, tunamwacha, maana uongo wake haukumdhuru mtu. Ndiyo sababu aliponidanganya mimi, tena uongo mkubwa kuliko wa simba, sikuushtukia.

Mwanangu wa kwanza alianza kulia akiwa na wiki tatu. Sisemi kile kilio cha njaa. Kila siku, saa kumi na moja jioni, kama mtu anayeingia zamu, anakunja miguu tumboni, anakaza ngumi, uso unaiva, na analia mpaka saa mbili. Ziwa hataki. Nepi kavu. Homa hana. Kliniki nesi alimpima uzito, akambonyeza tumbo, akasema mtoto anakua vizuri, wapo watoto wa hivyo, akifika miezi mitatu minne ataacha mwenyewe. Miezi mitatu! Alisema kama mtu anayekuambia subiri chenji. Uani nako kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa: mchango, jicho, joto la mjini, pilipili niliyokula mimi. Mama mwenye nyumba alikuja na chupa ya mizizi, nikamwambia nesi amekataa asipewe kitu zaidi ya ziwa. "Haya," akasema, "basi na nesi aje ambebe."

Jioni moja mume wangu alikuwa dukani, mtoto ana saa nzima analia, na mimi sikumbuki mara ya mwisho kulala ilikuwa lini. Nikamshika mabega nikamwambia, "Unataka nini kwangu?" Nikaona mikono yangu inakaza. Niliitazama kama mikono ya mtu mwingine. Nikamlaza katikati ya kitanda, nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa chini koridoni nimeuma ncha ya kanga. Nilikuwa namwogopa mwanangu. Hapana, niseme ukweli: nilikuwa najiogopa mimi.

Mlango wa Mzee Gadi ukafunguka.

"Nani huyu anapiga honi na haondoki?"

Akanitazama pale chini, akatazama mlango wangu uliofungwa, na nadhani alielewa, maana hakuuliza kitu.

"Lete," akasema.

"Mzee, wewe unajua watoto?"

"Nimelea sita."

Nikamletea. Alimpokea kama unavyopokea sufuria ya moto, viganja vinatetemeka, nami nikadhani ni uzee. Akamgeuza huku, akamgeuza kule, akaishia kumlaza kifudifudi juu ya mkono wake wa kushoto, kichwa kwenye kiwiko, miguu inaning'inia, vile vile anavyobeba koti lake la kazini mvua ikikatika. Akatazama saa. "Panda, tunaondoka," akamwambia. Akaanza kutembea ile korido, mlango wa mbele mpaka mlango wa uani, polepole, hatua zote sawa, na kila baada ya hatua chache anataja jina kwa ile sauti ya puani ya treni: Pugu. Soga. Ruvu. Ngerengere. Mtoto alilia mpaka Morogoro. Kilosa akapunguza. Dodoma ilibaki kwikwi tu. Mimi machozi yananitoka pale sakafuni, nikaapa kwamba huyu mzee simuudhi tena, kesho mabeseni yote nayahamisha.

Nikayahamisha kweli. Tangu siku ile, saa kumi na moja kasorobo mlango wake unafunguka, koti amevaa, joto lote lile la Dar. Zipo siku mtoto alilia mpaka Kigoma, ikabidi wageuze. "Leo kuna mlima," anasema, basi, hana lawama. Akanifundisha kumshika vile, tumbo chini. Akanifundisha na kutembea, maana mimi nilikuwa nakimbia nikidhani natembea. Siku aliyoniona nimesimama ukutani nimefumba macho akaniambia, "Mtoto hana breki, mama. Breki ni wewe. Na breki nayo inapumzishwa. Nenda kalale mpaka Tabora." Nikalala mpaka Tabora. Nani mwingine aliwahi kunipimia usingizi hivyo?

Mama mkwe aliposikia habari za kilio alipanda basi kutoka Marangu, akaja na mkungu wa ndizi na uamuzi wake. Kwetu, na kwa makabila mengine mengi, mtoto anayelia bila ugonjwa anasemwa analilia jina. Tulikuwa tumempa Gloria, jina la kanisani tu, hatukumpa la ukoo. Mama mkwe akasema kosa ni hilo. Ataitiwa majina ya mabibi mmoja mmoja, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Asiponyamaza, Jumamosi anaondoka naye kwenda mlimani penye hewa baridi, akanyweshwe maziwa ya ng'ombe, mimi nibaki dukani nipumzike.

Mume wangu akatazama chini. Na mimi, Mungu anisamehe, sikukataa. Sehemu yangu moja ilishapiga hesabu ya usingizi kuanzia Jumamosi. Sehemu nyingine ilijua kwamba nikimwachia aende, sitarudi kujiamini kuwa mama yake, na nitakuwa nimekubali mbele ya ukoo mzima kwamba mikono yangu haifai. Nilijikuta nanyonyesha huku namhesabia siku.

Ijumaa jioni mama mkwe akaketi kitandani na mjukuu wake, akaita. Manka! Mtoto analia. Aikande! Analia. Ndeshi! Ndiyo kwanza akaongeza. Akaita mabibi wa kwao, akaita wa kwetu, akamaliza, akarudia. Uso wa mama mkwe ulianza kunyauka. Hodi ikabishwa mlangoni.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Tumechelewa dakika ishirini," akasema Mzee Gadi, na hakuwa na habari na kikao chetu. Akainama kwa adabu kwa mama mkwe, akamchukua mtoto, akamlaza mkononi. "Panda, tunaondoka."

Mama mkwe akatoka naye hadi koridoni, amepigwa na butwaa kuona mwanamume, tena mzee wa Kiislamu wa pwani, anatembea na mjukuu wake akimwitia majina asiyoyajua. Gulwe. Igandu. Dodoma. Zuzu. Kigwe. Bahi. Kintinku. Mama mwenye nyumba na wapangaji wote wamekaa vizingitini. Makutupora. Mtoto analia.

"Saranda," akasema Mzee Gadi.

Kimya. Kimya kabisa, wala si cha kwikwi. Mtoto amefumbua macho anatazama sakafu inavyopita.

"Huyo ndiye!" Mama mkwe akapiga makofi. "Amekubali! Saranda ni nani? Ni bibi wa nani?"

"Si mtu, mama," akasema Mzee Gadi, bila kusimama. "Ni stesheni. Treni inasimama pale, abiria wananunua kuku."

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. "Wachaga nyie!" mama mwenye nyumba akapiga kelele, kanga inamdondoka. "Angenyamazia jina la benki si mngempa?" Mama mkwe peke yake hakucheka. Alisema jina ni jina, mtoto amelichagua mwenyewe, na aliyechagua jina haondolewi alipoitiwa. Jumamosi alipanda basi peke yake. Kabla hajaondoka aliagiza kuku achinjwe, kwa kuwa jina lenyewe lilidai kuku.

Sikudanganyi kwamba kilio kiliisha. Jumapili saa kumi na moja, huyo hapo. Kiliisha alipofika miezi minne, kama nesi alivyosema, na labda ile Ijumaa alikuwa amechoka tu. Lakini mimi nilikuwa mtu mwingine. Nilipewa mwanangu mara ya pili, safari hii nikampokea kwa mikono yangu mwenyewe, na mikono haikukaza tena. Hilo deni sijui unamlipaje mtu. Yeye hata asante hakuitaka. Nikimshukuru anaangalia pembeni, anasema, "Beseni."

Saranda akakua anamfuata nyuma kwenye korido ile. Majina ya stesheni aliyajua kabla ya herufi. Hao wahuni wa mpira nao wakaongezeka mmoja, na filimbi ikamhusu pia.

Watoto wake sita tulikuwa hatuwaoni. "Wako mikoani," alisema, na hatukuchimba. Mwaka juzi nyumba iliuzwa, ghorofa likapanda, tukatawanyika. Alikuwa ameanza kusahau: anaweka chumvi kwenye chai, anavaa koti asubuhi. Gari la kukodi likaja likamchukua, eti kwa binti yake, Pugu. Nilimwahidi kwamba tutaenda kumwona Jumapili ile ile. Jumapili ikawa na mzigo wa dukani, inayofuata nayo ina harusi. Mnajua ahadi za mjini. Nilikuwa naona aibu, na aibu ikanifanya nichelewe zaidi.

Mwezi uliopita mwanamke wa makamo aliingia dukani, ameshika kalenda ya zamani ya duka letu, zile tunazogawa kwa wateja.

"Wewe ndiye mwenye duka hili? Naomba uniambie. Saranda ni nani?"

Nikamwambia ni mwanangu. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka cheko lisilo na furaha.

"Mtoto! Mimi namtafuta mwanamke. Yule mzee jioni zote anamtaja. Nikasema ndiye huyo, mke wake wa huko njiani."

"Wewe ni binti yake? Katika wale sita?"

"Sita gani dada? Niko peke yangu. Na hajawahi kunibeba hata siku moja. Akirudi safari analala, akiamka anaondoka. Marehemu mama alikuwa anasema, baba yako anazijua stesheni zote isipokuwa ya nyumbani kwake." Akaikunja kalenda. "Nimemchukua kwa sababu hana mwingine. Ila simwezi. Jioni ikifika, simwezi."

Aliposema jioni, nilimuuliza saa ngapi. Akasema saa kumi na moja.

Nilibaki nimeshika kaunta. Hajawahi kulea! Alisimama mlangoni pale, viganja vinamtetemeka, akapokea mtoto wa kwanza maishani mwake, akanidanganya usoni ili nimwamini. Nikacheka mpaka nikalia, na yule mwanamke akanidhania kichaa.

Jumapili tulienda Pugu, mimi na Saranda, ambaye ana miaka minane sasa. Mzee Gadi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, amekonda, koti limemzidi. "Shikamoo babu," Saranda akamwambia. "Marahaba," akajibu, lakini macho hayakutujua. Nikaumia, niseme nini. Tukanywa chai. Binti yake alikuwa akimwita "huyu mzee" tu: huyu mzee hataki uji, huyu mzee hataki kuoga.

Ilipofika saa kumi na moja akainuka. Akaenda getini, akalitikisa. Akarudi, akaenda tena, anapiga kelele kwamba amechelewa, abiria wanangoja, nani amefunga njia. Binti yake akamfuata, akamshika mabega. "Tulia! Tulia basi! Unataka nini kwangu?"

Nikaiona mikono yake inakaza. Naijua mikono ile.

"Lete," nikamwambia.

Hakuelewa, lakini akamwachia. Saranda hakungoja kuambiwa. Akapitisha mkono wake chini ya mkono wa babu yake. "Panda, tunaondoka," akasema, na wakaanza kutembea kutoka getini mpaka kwenye tangi la maji, polepole, hatua zote sawa. Pugu. Soga. Ruvu. Mzee alihangaika mpaka Morogoro. Kilosa akaacha kulitazama geti. Nilimwambia binti yake kwa sauti ya chini mambo yote, korido, mabeseni, uongo wa watoto sita, na kwamba kwa jinsi alivyomshika mwanangu mara ya kwanza ilionekana hajawahi kubeba mtoto. Alisikiliza amejishika mdomo.

"Dodoma," Saranda akasema. "Bahi."

"Umeruka Zuzu na Kigwe," Mzee Gadi akasema, kwa sauti yake ile ile. "Treni hairuki stesheni."

Binti yake akainuka. Akaenda akashika mkono wa pili, na Saranda, mtoto mwenye akili, akajitoa taratibu akaja kukaa na mimi. Wakatembea wawili. Hakuzijua stesheni, kwa hiyo alikuwa anauliza, na mzee anajibu. Baada ya Bahi? Kintinku. Halafu? Makutupora.

"Halafu, baba?"

Ndiyo mara ya kwanza siku nzima kumsikia anamwita hivyo.

"Saranda," akasema. Akasimama. Akamtazama yule mwanamke uso kwa uso, muda mrefu, kama anayekagua tiketi. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wako."

Mzee akaangalia saa mkononi. Halafu akaupeleka mkono wake begani kwa binti yake, unatetemeka vile vile kama siku ile koridoni.

"Basi panda," akasema, "tunaondoka."